Umeanzia Mbali Mno, Wences

Jumatatu, 23 Oktoba

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa maabara ya kompyuta. Toleo jipya la programu ya hesabu linaanza kazi wiki hii. Folda ya zamani itafutwa Ijumaa, tarehe 3 Novemba. Sahihi: Injinia Grover Lafuente, msimamizi. Karatasi yenyewe kaivalisha plastiki, kana kwamba mvua hunyesha ndani ya jengo.

Nimeisoma mara tatu. Kisha nikaenda msalani, nikakaa huko mpaka kipindi cha kwanza kikaisha.

Ndani ya folda hiyo yumo Eulalia. Niandike kwa utaratibu, maana nikikasirika huwa naruka hatua. Mke wangu, Eulalia Condarco, alifundisha hesabu za kompyuta katika kitivo hiki cha uhandisi miaka ishirini na sita. Mimi pia, chumba cha jirani na chake. Programu tuliyokuwa nayo ilikuwa na fanksheni mbovu ya kutafutia pale mchoro unapokata sifuri. Akaandika yake. Akaipa jina lake. Unaandika eulalia, unaipa mlinganyo na namba ya kuanzia kutafuta, inakuletea jibu. Ukiipa namba iliyo mbali na jibu, inahangaika mara mia, inachoka, halafu inaandika kwenye skrini: "Umeanzia mbali mno, Wences. Rudi karibu, ujaribu tena."

Wences ni mimi. Wenceslao Ayaviri. Nilikuwa na tabia ya kuanzia mbali.

Wanafunzi wamenitania kwa maneno hayo miaka kumi na miwili. Nikichelewa kipindi, mtu wa nyuma atasema mwalimu kaanzia mbali. Sijali. Eulalia ana miaka miwili na miezi mitano kaburini, lakini kila siku ya masomo watu arobaini wanaandika jina lake, naye anawajibu. Ni marehemu gani mwingine wa mji huu wa Oruro mwenye bahati hiyo?

Sasa toleo jipya limekuja na fanksheni yake ya kiwandani, imo humo humo ndani. Lafuente anasema ni bora. Lafuente ana miaka thelathini na nne, kasomea Brazili, ana koti la mifuko sita, na kiti chake kakiwekea mto. Mtu mwenye mto kazini anajua nini?

Nakala ninazo. Tano, kila moja kwenye flashi yake, na moja iko ndani ya kopo la sukari. Lakini nakala si kitu. Fanksheni isiyoitwa na mtu ni jina juu ya kaburi. Haifutwi. Nimeamua.

Jumanne, 24 Oktoba

Mpango wa kwanza: mashindano. Nimemwita Lafuente mbele ya walimu wote, saa ya mapumziko, nikamwambia alete hiyo yake ya kiwandani, mimi nilete eulalia, milinganyo kumi, tuone. Akakubali kwa upole. Nikamshuku palepale.

Ya kiwandani ilimaliza yote kumi kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Eulalia alichukua muda wa kumeza mate mara tatu. Akapata tisa. Wa kumi akaniambia nimeanzia mbali mno. Walimu wakacheka. Lafuente hakucheka, alitazama dirishani. Dharau hiyo.

Nikataka tubadilishane kompyuta. Tukabadilishana. Matokeo yaleyale. Nikataka tubadilishane viti. Kiti chake ni kizuri kweli, lakini matokeo yaleyale.

Nikabaki na hoja moja, nikaitoa. Nikasema ya kiwandani haifunguki. Huwezi kutazama ndani uone inafanyaje. Inakupa jibu tu, kama karani wa dirishani. Ya Eulalia ni maandishi matupu, mtu yeyote anaweza kuifungua na kusoma mstari kwa mstari. Lafuente akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi mwenyewe nimewahi kuifungua. Nikamwambia mwanamume mwenye adabu hafungui mkoba wa mkewe. Walimu wanawake wakanipigia makofi. Bao moja kwangu.

Sijawahi kuifungua, ni kweli. Ilikuwa inafanya kazi. Kitu kinachofanya kazi unakifungua kwa nini?

Jumatano, 25 Oktoba

Mpango wa pili. Nimewatangazia mwaka wa tatu: atakayemwita eulalia mara mia kufikia Ijumaa anapata alama mbili za bure. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Msimamizi akiona inavyotumika, ataona haya kuifuta.

Wanafunzi wa Oruro si wajinga. Hakuna aliyeketi kuita mara mia. Kila mmoja aliiandikia kompyuta amri ya kuita mara laki moja peke yake, kisha wakatoka wote kwenda kunywa api, uji wa moto wa mahindi, kwa mama wa getini. Kompyuta arobaini. Saa nne na nusu asubuhi maabara nzima ikazimika, na ofisi ya mitihani nayo, maana wanatumia mtambo mmoja.

Lafuente alishinda chini ya meza na nyaya zake. Mifuko yote sita ilijaa vumbi. Mkuu wa kitivo akaniita. Nikamwambia nilikuwa napima uimara. Akaniuliza uimara wa nani.

Alama zimefutwa. Lakini nimeangalia kumbukumbu za mtambo kabla ya kutoka. Jina la Eulalia limeitwa mara milioni moja na laki tatu kabla mtambo haujazimika. Hakuna mtakatifu aliyewahi kuombwa hivyo kwa asubuhi moja.

Nyumbani nilimkuta shemeji Primitiva jikoni. Ni dada mkubwa wa Eulalia, anaoka mikate sokoni, na ana ufunguo wangu tangu msibani. Alikuwa anajitilia sukari. Akaivua ile nakala kwenye chai yake kwa kijiko, akaitazama. "Shemeji," akasema, "wenzako hutia mdalasini."

Alikuja kuhusu meza ya marehemu. Wiki ijayo ni Watakatifu Wote. Roho inafika tarehe mosi saa sita mchana, inaondoka tarehe mbili saa sita mchana. Akasema mwaka huu ni wa tatu, ni meza ya mwisho. Tunampa chakula chake, tunamsindikiza, tunavua nyeusi, basi. Asiyeachiliwa hapumziki. Nikamwambia tuhesabu vizuri kwanza. Akaniuliza kuna nini cha kuhesabu hapo, moja mbili tatu.

Hayo tuliyamaliza na Eulalia, au hatukuyamaliza. Mimi nilifundishwa kompyuta kwa lugha ya zamani, ambamo kitu cha kwanza kinaitwa sifuri. Programu yetu hapa inaanzia moja, na Eulalia naye. Tulibishana miaka thelathini. Kuna mwaka tulinuniana wiki nzima kwa ajili ya ngazi za nyumba hii, yeye anasema kumi na mbili, mimi nasema ya mwisho ni ya kumi na moja. Siku ya nane akazipanda akihesabu kwa sauti, na kila ngazi akanipiga kofi dogo begani. Kumi na mbili.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mpango wa tatu. Huu una akili, nitaueleza taratibu ili nikumbuke jinsi nilivyokuwa hodari.

Programu hii ina tabia moja. Ukiita fanksheni kwa jina, kwanza inatafuta kwenye folda ya pamoja ya nyumbani. Ikikosa ndipo inakwenda kwenye za kiwandani. Walimu tunaruhusiwa kuweka mafaili kwenye folda ya pamoja ya toleo jipya. Basi jana nilichukua eulalia, nikampa jina lilelile la ile ya kiwandani, nikamweka humo. Haikunichukua dakika mbili. Lafuente alikuwa meta tatu kutoka kwangu, anamenya chungwa.

Leo kutwa wanafunzi wameandika jina la kiwandani na aliyewajibu ni Eulalia. Hakuna aliyejua. Saa tano binti mmoja alianzia mbali, na skrini ikamwambia Wences arudi karibu. Darasa likacheka. Mmoja akasema kumbe hata kiwandani wanamjua mzee.

Nilisimama dirishani nikalia kidogo. Waliponiuliza nikasema vumbi. Oruro mtu hahojiwi kuhusu vumbi.

Folda ya zamani sasa waifute, waitupe, waichome. Yeye kahama. Lafuente atakula mto wake.

Jumapili, 29 Oktoba

Nimekwenda kwa Primitiva kukanda unga wa mikate ya meza. Yeye anatengeneza ngazi za mkate, za kushukia roho, na ule mkate wenye sura ya mtu, ambao mwaka huu amemwekea Eulalia miwani ya unga. Nimekanda vibaya, akaninyang'anya.

Nilishindwa kunyamaza, nikamsimulia ushindi wangu. Nilidhani atafurahi. Mikono yake ikasimama kwenye unga. Akaniuliza, sasa hivi watoto wakitaka hesabu, wanaandika jina gani. Nikamwambia lile la kiwandani.

Halafu akasema, "Kwa hiyo umemtia dada yangu ndani ya jina la mgeni. Wanamwita mgeni, anaitika yeye. Hiyo si heshima, shemeji. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi mama yetu kwenye nyumba za watu, akiitwa jina la mtumishi aliyemtangulia."

Nikala donge la unga mbichi ili mdomo uwe na shughuli.

Tumbo limeniuma tangu saa tisa. Nimefikiria maneno yake. Amesema kweli. Nimefikiria pia kwamba akitolewa huko hana pa kwenda. Nimemwacha.

Jumatatu, 30 Oktoba

Msiba.

Mkuu wa kitivo alileta wageni wawili kutoka La Paz kuona toleo jipya. Walimu wote tuliitwa. Nikakaa nyuma, karibu na hita, na kikombe changu cha api juu yake. Lafuente alivaa tai. Akaeleza kwamba programu hii ina maelfu ya fanksheni zilizomo tayari, hakuna tena haja ya mtu kujiandikia. Hata ukikosea, akasema, inakuonya kwa adabu. Ili kuonyesha, akaipa makusudi namba ya kuanzia iliyo mbali kabisa na jibu.

Nilikuwa na sekunde nne hivi. Ningeweza kupiga teke waya wa hita, umeme ukakatika. Nikakumbuka api yangu ingemwagika. Sekunde zikaisha.

Ukutani, ilipoangazwa skrini yake, kwa herufi kubwa: Umeanzia mbali mno, Wences. Rudi karibu, ujaribu tena.

Mkuu wa kitivo akasoma kwa sauti, kwa sauti yake ya mahafali. Mgeni mmoja akauliza Wences ni nani. Nikanyoosha mkono. Sijui kwa nini. Nimeita mahudhurio miaka thelathini, mkono umezoea.

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Lafuente peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akautazama ule ukuta kupita kiasi. Kisha akawaambia wageni kwamba hilo ni onyo la zamani la nyumba hii, akaendelea. Sauti ilikuwa imebadilika. Hasira hiyo. Naijua hasira ya kimyakimya, ndiyo mbaya.

Saa nane nilikwenda maabara. Faili langu halimo tena. Nikaita ya kiwandani, nikaipa milioni moja ya kuanzia. Ikaandika: Jibu halikupatikana. Msimbo hasi tatu.

Nilingoja kidogo, labda kuna la ziada. Hakuna.

Jumanne, 31 Oktoba

Nimeshinda mlangoni mwa ofisi yangu nikingoja kutukanwa. Nimeandaa utetezi wa kurasa sita. Ukurasa wa kwanza unasema sikufanya. Wa pili unaeleza kwa nini nilifanya.

Lafuente akapita saa tano, akasimama. Nikashika makaratasi. Akaniuliza meza ya Mwalimu Eulalia itakuwa tayari saa ngapi kesho. Nikamwambia roho hufika saa sita, kama kwa watu wote. Akasema asante, mzee, akaenda zake.

Nimeelewa. Ananiletea barua ya kunifukuza nyumbani kwangu, mbele ya marehemu, mbele ya mikate. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Jumatano, 1 Novemba

Siandiki vizuri leo.

Meza imetoka nzuri. Kitambaa cheusi, picha yake, mishumaa, vitunguu vyenye maua, miwa pande mbili, ngazi za mkate, na mkate wa Eulalia na miwani yake katikati. Primitiva aliamka mapema kuipanga. Mimi nilipewa kazi ya kutogusa kitu.

Saa sita kasoro robo Lafuente akabisha. Bila barua. Alikuwa na boksi mkononi, limefungwa kwa kamba. Akasalimia picha kwanza, kisha Primitiva, kisha mimi. Akafungua boksi. Salteña kumi, sambusa za kuoka za nyama, bado za moto, mchuzi wake ndani unachungulia. Akazipanga mezani moja moja, kwa mstari, mbele ya picha.

Nikamwambia salteña si chakula cha meza ya marehemu. Nikamwambia pia kwamba salteña ni kitu cha asubuhi, hailiwi baada ya saa sita, na roho inafika saa sita, kwa hiyo amechelewa kwa dakika moja, na Eulalia katika maisha yake yote hakula salteña mchana. Primitiva akasema, "Amekufa, shemeji. Atakula akitaka."

Lafuente akasema ni dau alilopoteza.

Kumbe mwaka 2011 alikuwa mwanafunzi wake. Hilo nilishalisahau, au sikuwahi kulitia maanani, wote walikuwa wembamba. Siku moja alikutana na lile onyo, akamuuliza mwalimu kwa nini ameweka jina la mumewe ndani ya hesabu ambayo kila mtu ataiona. Eulalia akamwambia, kwa sababu Wences hataifungua kamwe, na neno la kumfikia lazima litokee kwenye skrini. Maadamu inafanya kazi hatatazama ndani. Lafuente akambishia. Akasema hakuna mwalimu wa hesabu asiyetazama ndani. Wakawekeana salteña kumi. Akaenda Brazili akijua dau bado liko wazi. Mpaka Jumanne ya wiki iliyopita, aliponiuliza mbele ya walimu, nami nikamjibu kuhusu mkoba.

Akasema pale ndipo alipojua kwamba Mwalimu Eulalia ameshinda, na hana wa kumlipa. Akalia. Mtu mzima, na koti la mifuko sita, akalia kwa kelele mbele ya vitunguu. Halafu akapiga magoti akaimba sala, akiikosea sauti kabisa. Primitiva akampa ngazi kubwa kuliko zote. Wivu ulinishika, naandika ukweli.

Kabla ya kuondoka akanivuta pembeni. Akasema dau lenyewe limeandikwa ndani ya faili, na tarehe. Chini yake, mwishoni kabisa, kuna mistari mingine kama ishirini, inaanza kwa jina langu. Hakuisoma. Aliona jina, akarudi juu. Akaniambia, "Ifungue, mzee. Si ya kwangu."

Saa sita ikapiga. Primitiva alifungua mlango ili roho iingie. Upepo ulizima mshumaa mmoja, nami nikasema karibu.

Alhamisi, 2 Novemba

Makaburini. Upepo wa kutia mchanga kwenye meno. Watu wengi, muziki wa kukodi kila upande, kaburi hili huzuni, kaburi la jirani ngoma za furaha.

Tuligawa chakula chote kwa waliokuja kumsalia. Ndiyo desturi, hakuna kinachorudi nyumbani. Nilihesabu waliotamka jina lake: thelathini na saba. Si arobaini, lakini kwa sauti.

Niliuficha ule mkate wa Eulalia ndani ya koti. Sikuweza kuugawa. Saa sita ilipofika nikainama kumuaga, shingo ya mkate ikavunjika, kichwa kikaanguka na miwani yake miguuni pa Primitiva. Nilingoja matusi. Alikiokota, akakipangusa mchanga, akanirudishia mfukoni. Akasema tu, "Sikio la kufa."

Kisha akavua shali nyeusi. Chini alikuwa amevaa sweta ya rangi ya machungwa. Tangu msibani sikuwa nimemwona na rangi. Akanifungua mimi utepe mweusi mkononi, kwa sababu mimi nilikuwa siufikii. Nilikuwa naufikia. Akasema sasa mwache aende. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 3 Novemba

Saa nne kamili Lafuente aliniita maabara ili nione folda ikifutwa kwa macho yangu, si kwa kuambiwa. Akaniuliza kama nataka kubonyeza mwenyewe. Nikakataa. Akabonyeza yeye. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu.

Kisha akatoa pendekezo. Naliandika lilivyo. Anasema ya kiwandani haifunguki, ndiyo, hapo nilisema kweli. Wanafunzi watakuwa wanaita tu bila kujua nini kinatokea ndani. Anataka kila mwaka liwepo somo moja, wiki mbili nzima, ambapo watachukua eulalia, kwa jina lake, watamfungua na kumsoma mstari kwa mstari, juu hadi chini, wajifunze hesabu hizi zinavyofanywa. Mkuu wa kitivo amekwisha kubali. Sharti ni moja: nilifundishe mimi. Nilifungue faili ukutani na kulisoma lote. Akasema kama ile mistari ya mwisho ni ya siri, basi niisome peke yangu kwanza nyumbani, niikate, wengine wasiione.

Akanipa nakala ndani ya bahasha. Anangoja jibu Jumatatu. Nimekuja nyumbani, nimeketi, nimeiweka kwenye kompyuta. Jina lake hili hapa mbele yangu. Kubonyeza mara mbili, basi.

Kwa hiyo nikifungua, jina lake litaitwa kila mwaka mpaka nistaafu na baada yangu. Ndicho nilichokuwa nakitafuta wiki mbili hizi kwa kuchomachoma mitambo ya watu. Najua. Si mjinga.

Lakini kuna mistari ishirini. Ni maneno ishirini, thelathini kila mstari, labda chini ya hapo, alikuwa mbahili wa maneno. Nikiisoma nitaimaliza. Saa hii bado kuna jambo ambalo Eulalia hajaniambia. Nikishasoma, litakuwa halipo.

Nimempigia Lafuente. Nimemwambia wazo lake ni zuri, ila mwaka huu nina shughuli. Mwakani. Akasema sawa, mzee, ila mwakani ratiba itakuwa imeshafungwa, na somo atapewa mtu mwingine, la kitu kingine. Nikamwambia tutaona. Nina mpango.

Mpango ni huu. Nimepiga hesabu. Meza ya kwanza, ile ya mwaka alipofariki, kwa kufuata kanuni sahihi ya lugha ya zamani, ni meza ya sifuri. Ya mwaka jana ni ya kwanza. Hii ya juzi ni ya pili tu. Ya tatu bado. Mwakani anakuja tena saa sita mchana, na hapo, akiwa yupo, ndipo nitaifungua. Yote yatakwenda pamoja.

Nimempelekea Primitiva habari hii sokoni, nikamwambia aweke unga. Alikuwa na sweta yake ya machungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema, "Shemeji, dada yangu alikuwa anaanzia moja." Akanipa mkate, akaendelea kuuza.

Nimerudi. Nimemwita eulalia, nikampa milioni moja ya kuanzia. Akahangaika mara mia, kisha akaandika: Umeanzia mbali mno, Wences. Rudi karibu, ujaribu tena.

Nimempa milioni mbili.